Kadi ya kugusisha: pesa zako zinakaa wapi, na nani ana ufunguo?

"Nimepoteza kadi yangu ya kugusisha, na ilikuwa na mia nane ndani. Si mnaifunga tu, vile mnafunga laini ikipotea?" Swali la namna hii haliishi, na jibu lake huwaudhi watu kwa sababu linaanza na neno "inategemea". Inategemea kadi ni ya nani. Na zaidi ya hapo, inategemea kama hizo mia nane zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi yenyewe, au zilikuwa kwenye seva mahali fulani na kadi ilikuwa tu ya kukutambulisha.

Wengi wetu tuna kadi hizi bila hata kuzifikiria. Kuna ya geti la nyumba, ya kazini, ya kantini ya shule ya mtoto, ya benki. Mathare, tangu 2015, kuna mashine za maji ambazo mtu anagusisha kadi na mtungi unajaa. Abiria wa Nairobi nao wanakumbuka kadi za matatu. BebaPay ya Google na benki ya Equity ilianza 2013, Serikali ikasukuma nauli bila keshi 2014, na kufikia 2015 BebaPay yenyewe ilikuwa imefungwa. Keshi ilirudi, halafu pesa za simu zikashika usukani.

Kwa nje kadi zote hizi ni plastiki ile ile. Tofauti iko ndani, na ndiyo inayoamua kama ukipoteza kadi umepoteza pesa.

Ploti ya vyumba kumi na sita

Ndani ya plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa karibu na kingo za kadi, na chipu ndogo sana iliyounganishwa nao. Hakuna betri. Mashine ya kusoma inatoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, waya unapokaribia unavuna umeme kidogo kutoka kwa mawimbi hayo, chipu inaamka na mazungumzo yanaanza. Ukiiondoa kadi, chipu inalala. Ndiyo maana unalazimika kuisogeza mpaka sentimita chache, na ndiyo maana kadi inaweza kukaa miaka kwenye droo na bado ikafanya kazi siku utakayoitoa.

Tuchukue kadi moja inayojulikana dunia nzima, MIFARE Classic 1K. Ilitengenezwa na kampuni ya Mikron ya Austria, ikaingia sokoni 1994, ikanunuliwa na Philips, na leo iko chini ya NXP ya Uholanzi. Imetumika kwenye mabasi, treni, mageti, vyuo na kantini. Kumbukumbu yake yote ni baiti 1,024. SMS moja iliyojaa ni baiti 140, kwa hivyo kadi nzima inabeba SMS saba na kidogo. Ni ndogo hivyo.

Lakini imepangwa vizuri. Fikiria ploti ya kupangisha yenye vyumba 16. Kila chumba kina rafu nne, na kila rafu inabeba baiti 16. Mafundi huita chumba "sekta" na rafu "bloku". Ukizidisha, 16 mara 4 mara 16, unapata zile 1,024.

Rafu ya kwanza ya chumba cha kwanza inaandikwa kiwandani. Ina namba ya kadi na maelezo ya mtengenezaji, na kwa kadi halali haibadiliki tena. Halafu, katika kila chumba, rafu ya nne haiwekwi mali yoyote. Hapo ndipo kufuli lilipo. Baiti sita za kwanza ni ufunguo A. Baiti sita za mwisho ni ufunguo B. Katikati kuna baiti nne, na tatu kati ya hizo zina sheria za chumba: nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye rafu gani. Ukitoa rafu za kufuli na ile ya kiwandani, kinachobaki kwa matumizi ni baiti 752.

Kila chumba kina funguo zake. Kampuni ya basi inaweza kupanga chumba cha tatu, kantini ya chuo ikapanga cha tisa, na hakuna anayechungulia kwa mwenzake. Kadi moja, wapangaji wengi. Lakini mara nyingi mpangaji ni mmoja tu na vyumba vingine vinakaa tupu. Hivyo vyumba vitupu vina hadithi yake, tutaifikia.

Mbona funguo mbili?

Sehemu hii ndiyo inayotupendeza zaidi katika mpango mzima wa hii kadi. Chukua rafu yenye salio lako la nauli. Sheria yake inaweza kusema hivi: mwenye ufunguo A au B anaweza kusoma salio, na anaweza kulipunguza, lakini kuongeza salio ni mwenye ufunguo B peke yake. Sasa mashine ya konda inapewa A tu. Mashine ya wakala anayeuza salio inapewa B. Konda anakata nauli siku nzima bila shida, lakini hata akitaka vipi hawezi kujiongezea elfu kwenye kadi ya rafiki yake. Na mashine yake ikiibwa stejini, mwizi ameiba uwezo wa kukata pesa za watu. Uwezo wa kutengeneza pesa hana.

Kila rafu ina sheria yake, na sheria zinazowezekana ni nane. Nyingine zinaruhusu kusoma tu, hakuna kuandika kamwe. Nyingine zinafunga kila kitu. Ufunguo A wenyewe hausomeki hata na mwenye ruhusa zote: mashine ikiuomba, kadi inajibu kwa sifuri tupu. Ufunguo B unaweza kuachwa usomeke kwa mpangilio fulani, lakini hapo unapoteza kazi ya kuwa ufunguo, unakuwa maandishi ya kawaida.

Ndani ya zile baiti tatu, sheria zimeandikwa mara mbili, mara ya pili kwa kugeuza kila moja kuwa sifuri na kila sifuri kuwa moja. Chipu inalinganisha. Fundi akikosea na maandishi mawili yasilingane, chumba kinafungwa daima, hakuna wa kukifungua, hata kiwanda. Ukisikia mtu wa kadi anakuambia "hii imekufa, nakupa nyingine", huenda anasema kweli kabisa.

Mia nane zinavyoandikwa

Salio halijaandikwa kama unavyoliona kwenye kioo cha mashine. Namba yako inachukua baiti nne, na inaandikwa mara tatu kwenye rafu moja: mara ya kwanza ilivyo, ya pili ikiwa imegeuzwa, ya tatu ilivyo tena. Baiti nne zinazobaki ni anwani, nazo zinarudiwa. Kwa nini kazi yote hiyo kwa ajili ya mia nane?

Kwa sababu ya mkono wako. Abiria ana haraka, anagusisha na kuondoa kabla mashine haijamaliza. Umeme wa chipu unakatika katikati ya kuandika. Nakala tatu zikikataa kulingana, mashine inayofuata inajua kwamba hapa kuna shida, na haitaamini namba ya uongo. Mifumo mizuri pia huweka nakala ya akiba kwenye rafu nyingine.

Kukata pesa nako ni hatua mbili. Mashine inasema "punguza hamsini", na chipu inapiga hesabu pembeni. Kisha mashine inasema "hifadhi", na hapo ndipo salio jipya linaandikwa. Ukiondoa kadi kati ya hizo hatua mbili, salio linabaki la zamani. Kwa hivyo usiondoe kadi mpaka usikie mlio au uone taa. Sekunde moja tu. Wengi wanaopiga simu wakisema "mashine imenikata mara mbili" waligusisha, wakaondoa mapema, wakagusisha tena bila kuangalia kioo kinasema nini.

Sasa utaona jambo moja. Kama salio lako liko kwenye rafu ya kadi, hiyo kadi ni sawa na noti. Haihitaji kuuliza mtu yeyote. Inafanya kazi hata mtandao ukiwa umelala, hata gari likiwa bondeni ambako hakuna hata "E" kwenye simu. Hiyo si akili mbaya; kwa mashine ya maji au basi la kwenda mashambani ni akili nzuri sana. Lakini noti ikidondoka, imedondoka. Anayeiokota anaitumia, na hakuna ofisi inayoweza kuizuia kwa uhakika, isipokuwa kila mashine iwe na orodha ya kadi zilizokataliwa, na orodha hiyo iwe inasasishwa.

Kufuli la tarakimu trilioni, na lilivyofunguka

Ufunguo wa baiti sita ni biti 48. Uwezekano wake ni zaidi ya trilioni 281. PIN yako ya pesa za simu ikiwa ya tarakimu nne, uwezekano wake ni 10,000 tu. Ukiangalia namba, kadi inaonekana kushinda kwa mbali sana.

Haishindi, na ni muhimu kuelewa sababu. Ukijaribu PIN na kukosea, mfumo unahesabu. Ukikosea mara chache unafungiwa. Mwizi ana nafasi mbili tatu tu kati ya zile elfu kumi, basi. Laini ya simu nayo inahesabu yenyewe, ndani ya chipu: ukikosea PIN ya laini mara tatu inadai PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa. MIFARE Classic haihesabu. Unaweza kuikosea usiku kucha na asubuhi itakusikiliza kana kwamba ndiyo mnakutana. Ilitegemea tu ukubwa wa namba, pamoja na fomula ya siri iliyoitwa Crypto-1.

Fomula ilitumiwa hivi. Mashine haitaji ufunguo kwa sauti, maana mtu angeunasa hewani. Badala yake kadi inatoa namba ya kubahatisha, mashine inaichanganya na ufunguo kwa fomula na kurudisha jibu. Kadi inapiga hesabu hiyo hiyo upande wake. Majibu yakilingana, mlango unafunguka. Namba ya kubahatisha inabadilika kila mara, kwa hivyo jibu la jana halifai leo. Ni kama tokeni ya stima: ukishaiingiza kwenye mita, zile tarakimu 20 hazifai tena.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeijua fomula nje ya kiwanda. Desemba 2007, kwenye kongamano la wadukuzi mjini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kwamba wameipata. Walikwangua chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini, wakafuata nyaya zake mpaka wakaelewa inapiga hesabu gani. Kumbe pia namba ile ya "kubahatisha" haikuwa ya kubahatisha sana. Ilitoka kwa kidude cha biti 16, chenye hali 65,535 tu kinazozunguka, na kilianza kuzunguka kila chipu ilipoamka. Ukijua kadi imeamka saa ngapi, unajua itasema nini. Ni kama mita ya stima inayokubali tena tokeni ya mwezi uliopita.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, waliandika namna ya kupata funguo zenyewe. Uholanzi wakati huo ilikuwa inaleta kadi ya usafiri ya nchi nzima yenye chipu hii, na London ilikuwa na kadi yake ya Oyster yenye chipu hii hii. NXP ilikwenda mahakamani kuzuia chapisho. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa: watu wana haki ya kujua, na kasoro iko kwenye chipu, siyo kwenye karatasi. Makala ikachapishwa Oktoba. Mwaka 2009 watafiti hao hao wakaonyesha kwamba hata mashine halali haihitajiki, kadi peke yake inatosha.

Kilichowafanya wengi washike vichwa ni suala la vile vyumba vitupu. Kadi mpya inatoka kiwandani na ufunguo wa kila chumba ukiwa ule ule unaojulikana na kila fundi duniani, F kumi na mbili mfululizo. Kampuni inayoweka mfumo inatakiwa kuubadilisha. Wengi walibadilisha kwenye chumba wanachokitumia, wakaacha vingine vilivyo, maana "hakuna kitu huko". Lakini udhaifu wa chipu hii ni kwamba ukiwa na ufunguo wa chumba kimoja chochote, hata kitupu, unaweza kuupata wa jirani kwa sekunde chache. Chumba kilichoachwa na kufuli la kiwandani kilikuwa mlango wa ploti nzima.

Na hadithi haijaisha. Agosti 2024 mtafiti Philippe Teuwen wa Quarkslab alichapisha kazi kuhusu chipu nyingine, FM11RF08S ya kampuni ya Fudan ya Shanghai, iliyotengenezwa ifanane na MIFARE Classic huku ikiwa na kinga dhidi ya mbinu za zamani. Alikuta ina ufunguo wa siri wa nyuma, mmoja kwa kadi zote za aina hiyo, ambao mwenye kadi hakuambiwa. Mwenye kuujua, akikaa na kadi dakika chache, anapata funguo zote ulizojiwekea.

Ufunguo mmoja kwa kadi zote

Kuna kosa ambalo halihusu chipu wala hesabu, na ndilo tunaloliona baya kuliko yote kwa sababu ni la binadamu. Kampuni inatoa kadi elfu kumi na zote zina ufunguo mmoja. Ni rahisi kusimamia. Lakini mtu akifungua kadi yake mwenyewe, kadi aliyoinunua kwa pesa zake akiwa ameketi sebuleni, tayari ana ufunguo wa kadi yako.

Mfumo uliofanywa vizuri haufanyi hivyo. Kuna ufunguo mkuu unaowekwa mahali salama, kwa kawaida kwenye chipu ndogo kama laini ya simu iliyofungiwa ndani ya mashine, na usiotoka humo. Kadi ikigusishwa, mashine inachukua namba ya kadi, inaichanganya na ufunguo mkuu, na kupata ufunguo wa kadi hiyo peke yake. Kadi elfu kumi, funguo elfu kumi. Ukivunja moja umevunja moja. Chipu mpya kama DESFire zinatumia AES, fomula isiyo ya siri kabisa: ilichapishwa wazi, wataalamu wa dunia nzima wameigonga kwa zaidi ya miaka 20, na bado imesimama. Siri inabaki kwenye ufunguo peke yake, na huko ndiko inakotakiwa kukaa.

Nyongeza ya pili ni hesabu ya seva. Hata kama salio liko kwenye kadi, mashine zinapopata mtandao hutuma orodha ya kila aliyekatwa na kila aliyejaza. Kadi iliyojazwa mia mbili na kutumia elfu tatu inaonekana, na inafungwa. Inachelewa, lakini inaonekana.

Kadi ya benki, na laini yako ya simu

Watu wengi wanaogopa kadi ya benki ya kugusisha kuliko ya geti. Tunadhani hofu imewekwa pabaya. Kadi ya benki haina salio ndani. Ina ufunguo ambao hautoki kwenye chipu, na kila ukilipa, chipu inatengeneza muhuri wa mara moja kutokana na kiasi, hesabu ya malipo yaliyotangulia, na namba ya kubahatisha kutoka kwa mashine. Benki inaukagua muhuri huo. Mtu akiunasa hewani hana cha kufanya nao. Anayejipenyeza kwenye foleni na kifaa cha kusoma anaweza kupata namba ya kadi na tarehe ya mwisho, na hiyo si habari ya kuachia ovyo, lakini zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazimo kwenye mawimbi.

Na laini yako ya simu? Nayo ni kadi ya chipu, ya familia moja na hizi. Ndani ina ufunguo wa biti 128 ambao mtandao pia unao, na kila simu inapojiunga na mtandao, mtandao unatuma namba ya kubahatisha na laini inajibu, mazungumzo yale yale. Laini za zamani ziliwahi kuvunjwa, 1998, na sababu ilikuwa ile ile: fomula dhaifu iliyofichwa. Laini za kisasa ni ngumu. Ndiyo maana wezi wa Kenya hawahangaiki na chipu. Wanahangaika na wewe na ofisi: wanaomba laini mpya kwa jina lako, yaani kuswap, halafu wanatafuta PIN. Pesa zako za simu hazimo kwenye laini. Ziko kwenye akaunti, kwenye seva. Laini ni ya kusema "ni mimi", PIN ni ya kusema "nimekubali". Laini ikianguka mtoni leo, salio halijalowa. Unapata laini nyingine na pesa zako zipo.

Kwa hivyo, ile kadi yako

Ukipewa kadi ya kujaza pesa, iwe ya basi, kantini au maji, uliza maswali mawili kabla ya kuweka shilingi. Nikipoteza, mnaweza kunirudishia salio? Na: kadi inafanya kazi mtandao ukikosekana? Jibu la pili linakuambia mengi kuliko la kwanza. Kama inakata pesa bila mtandao wowote, kuna uwezekano mkubwa salio limo ndani. Hapo jaza kidogo kidogo, nauli ya siku mbili tatu, kama unavyobeba keshi mfukoni. Mzazi anayejaza kantini ya muhula mzima kwenye kadi ya mtoto wa darasa la pili anajitafutia maneno.

Kama kadi inasajiliwa kwa jina na namba ya simu, isajili siku hiyo hiyo. Ipige picha upande wenye namba iliyochapishwa. Hiyo namba ndiyo itakayoulizwa ukipiga simu, na wengi wanapiga wakiwa hawaijui. Ripoti haraka, na uulize hasa kadi itafungwa saa ngapi, maana "tumeifunga" inaweza kumaanisha imefungwa kwenye seva huku mashine za barabarani zikiwa bado hazijapata orodha mpya. Ukijaza kwa simu, weka SMS ya uthibitisho; kukiwa na ubishi kuhusu salio, ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Kadi ya geti ni suala jingine. Baadhi ya mageti hayafungui chumba chochote cha ile ploti. Yanasoma namba ya kadi tu, ile ya rafu ya kwanza, na kuangalia kama iko kwenye orodha. Kuna kadi nene za zamani, za kilohezi 125, ambazo nyingi hazina chumba wala ufunguo, zina namba tu. Namba hiyo haifichwi, mashine yoyote inaisikia, na kadi tupu za kunakili namba zinauzwa. Ukiona fundi kwenye kibanda ananakili kadi ya geti lenu kwa dakika moja huku mnapiga stori, usimlaumu fundi. Muulize mwenye nyumba aliweka mfumo gani. Na mpangaji anapohama, namba ya kadi yake ifutwe kwenye orodha hata kama ameirudisha kadi.

Mfuko wa kukinga kadi, ule unaouzwa wenye karatasi ya chuma ndani, unafanya kazi. Chuma kinazuia mawimbi. Kama una kadi mbili za kugusisha kwenye pochi moja na mashine inachanganyikiwa, mfuko huo utakusaidia zaidi hapo kuliko dhidi ya wezi. Au toa kadi unayotaka, usigusishe pochi nzima.

Na kadi uliyobadilishiwa, usiitupe nzima. Kata kwa mkasi mara kadhaa, ukipitia chipu kwenyewe. Kwa kadi ya benki chipu inaonekana, ile dhahabu ndogo. Kwa kadi nyeupe za geti na basi haionekani. Shika kadi kwenye taa kali ya simu na utaiona kama doa dogo, na waya ukiizunguka kadi nzima. Kata doa, kata na waya.